Emoji za vijana: Asiyejua maana haambiwi maana

MZAZI anaposhika simu ya mwanawe na kukuta ujumbe wenye mafuvu matatu yaliyofuatana, hofu ya kwanza inayomwingia ni kwamba kuna msiba, au kuna mtu ametishiwa maisha. Kumbe aliyeutuma ujumbe huo alikuwa akicheka.

Mzazi huyo huyo anaweza kupitisha macho juu ya picha ya plagi ya umeme ikifuatiwa na chembe ya theluji, akadhani watoto wanazungumzia friji iliyoharibika, ilhali pengine hapo ndipo penye jambo la kumkosesha usingizi.

Hiyo ndiyo hali inayozikabili familia nyingi za mijini tangu simu za kisasa zilipoingia mikononi mwa vijana. Vijana huandikiana kwa picha ndogo ziitwazo emoji, na mara nyingi hawatumi picha moja, bali huziunganisha mbili, tatu au zaidi, na kupata maana ambayo haimo katika picha yoyote kati ya hizo ikisimama peke yake.

Wapo wazazi waliojaribu kutatua tatizo hilo kwa kutafuta orodha ya emoji na maana zake, kana kwamba ni kamusi. Orodha hizo zina msaada wake, lakini zina upungufu mkubwa: maana ya emoji hutegemea imepangwa pamoja na ipi, imerudiwa mara ngapi, na nani anamtumia nani. Anayesoma picha bila kuyajua hayo anaweza kumshuku mtoto asiye na kosa, au kumwacha aliye hatarini.

Zilikotoka

Historia ya alama hizi si ndefu. Septemba 19, 1982, mtaalamu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani, Scott Fahlman, alipendekeza wenzake watumie nukta mbili, kistari na mabano kuonyesha uso unaotabasamu pale wanapoandika mzaha. Sababu yake ilikuwa ya kawaida kabisa: maandishi ya kompyuta hayana sauti wala uso, hivyo watu walikuwa wakigombana kwa sababu ya utani uliochukuliwa kuwa ni kweli.

Picha zenyewe zilianzia Japani. Mwaka 1997 kampuni ya simu ya J-Phone ilitoa simu yenye picha 90. Mwaka 1999 Shigetaka Kurita, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya NTT DoCoMo, alibuni picha 176 kwa ajili ya huduma ya intaneti ya simu za kampuni hiyo. Picha hizo zilikuwa ndogo na zenye rangi chache, na mwaka 2016 Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Kisasa la New York lilizichukua kuwa sehemu ya hazina yake.

Neno lenyewe ni la Kijapani. ‘E’ maana yake ni picha na ‘moji’ maana yake ni herufi. Wengi hudhani limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya hisia, lakini kufanana huko ni kwa bahati tu.

Kilichoziwezesha kuenea duniani kote ni uamuzi wa mwaka 2010, pale Unicode, mfumo unaotoa namba kwa kila herufi inayotumika katika kompyuta, ulipozipokea rasmi. Mwaka 2011 kampuni ya Apple iliziweka katika kibodi za simu zake kwa wateja wa nchi zote. Leo idadi yake imepita 3,700, na nyingine huongezwa karibu kila mwaka.

Mwaka 2015 kamusi za Oxford ziliichagua emoji ya uso unaocheka hadi kutoa machozi (😂) kuwa neno la mwaka, ingawa si neno. Hata hivyo, miaka michache tu baadaye vijana wengi walishaiona kuwa ni alama ya watu wazima, wakaiacha kwa wazazi wao, walimu wao na makundi ya WhatsApp ya ukoo.

Kanuni za lugha hii

Pamoja na kwamba hakuna mwalimu anayeifundisha, lugha hii ina kanuni zake, na anayezifahamu anaweza kukisia maana hata ya mchanganyiko ambao hajawahi kuuona.

Kanuni ya kwanza ni kugeuza. Alama ya jambo baya huweza kusimama mahali pa jambo zuri. Fuvu la kichwa (💀) maana yake ni ‘nimekufa kwa kicheko’. Uso unaolia kwa sauti (😭) mara nyingi nao ni wa kucheka au kufurahi kupita kiasi. Kinyume chake, uso wenye tabasamu dogo (🙂), ambao mtu mzima huutuma kwa nia njema, kijana anaweza kuuona kuwa ni kejeli au hasira iliyomezwa. Dole gumba (👍), ambalo kwa baba ni jibu la heshima lenye maana ya ‘sawa, nimeelewa’, kwa baadhi ya vijana ni jibu baridi la mtu asiyetaka mazungumzo yaendelee.

Kanuni ya pili ni kurudia. Fuvu moja ni kicheko kidogo. Mafuvu matano ni mtu aliyeanguka chini kwa kucheka. Bendera nyekundu moja (🚩) ni tahadhari kuhusu tabia ya mtu, hususan mchumba. Bendera sita zilizopangwa mstari ni ushauri wa kukimbia.

Kanuni ya tatu ni kuchora. Jicho, mdomo na jicho jingine zikipangwa pamoja (👁👄👁) hufanya uso uliopigwa na butwaa, wa mtu aliyeona jambo na kukosa la kusema. Vidole viwili vinavyoelekeana (👉👈) ni mtu mwenye haya anayetaka kuomba kitu au kusema kwamba anampenda mwenzake. Chura na kikombe cha chai (🐸☕) vinatokana na picha iliyosambaa sana mtandaoni ya mwanasesere Kermit akinywa chai, na maana yake ni ‘nimesema langu, lakini hayo hayanihusu’. Mtu wa pwani akiona hivyo atakumbuka kijembe cha uani.

Kanuni ya nne, ambayo ndiyo inayowapoteza wengi, ni ya sauti. Hapa picha haisimami mahali pa kitu, bali mahali pa jina la kitu hicho katika lugha fulani, na lugha hiyo mara nyingi ni Kiingereza.

Mfano mzuri ni mbuzi (🐐). Katika Kiswahili, kumwita mtu mbuzi ni kumtukana. Katika lugha ya vijana mtandaoni, mbuzi ni sifa ya juu kabisa, kwa sababu jina la mnyama huyo kwa Kiingereza linaundwa na herufi za mwanzo za maneno yenye maana ya ‘bora kuliko wote wa nyakati zote’. Ndiyo maana mashabiki wa soka wanaobishana kuhusu Lionel Messi na Cristiano Ronaldo hupigana mbuzi usiku kucha bila mtu kutukanwa. Vivyo hivyo, kofia ya kapelo (🧢) ina maana ya ‘huo ni uongo’, kutokana na msemo wa mitaani wa Wamarekani weusi, wala haihusiani na mavazi.

Zinapotumika kuficha

Mafumbo si jambo geni kwa Waswahili. Kanga imebeba maneno ya kumsema jirani kwa miaka mingi, na kanga ile ile huweza kuwa zawadi ya mapenzi kwa mmoja na kijembe kwa mwingine, kutegemea nani kaivaa na kapita mbele ya mlango wa nani. Watoto nao wamekuwa na kinyume, mchezo wa kugeuza silabi ili wakubwa wasielewe. Emoji zimeingia katika nafasi hiyo hiyo, ila sasa anayefichwa si mzazi peke yake, bali pia mitambo ya kampuni za mitandao inayochuja maneno.

Kuficha huko si kubaya wakati wote. Mwaka 2018, wanawake nchini China waliotaka kuzungumzia unyanyasaji wa kijinsia walikuta maneno yao yakifutwa mtandaoni. Wakaanza kutumia picha ya bakuli la wali na sungura (🍚🐰). Kwa Kichina wali huitwa ‘mi’ na sungura ‘tu’, na ukitamka kwa pamoja unapata jina la kampeni ya dunia ya kupinga unyanyasaji huo, #MeToo. Tikiti maji (🍉) nalo, lenye rangi nyekundu, kijani, nyeupe na nyeusi, limetumiwa na wengi kuiwakilisha bendera ya Palestina, hasa baada ya vita vya Gaza kuanza Oktoba 2023.

Lakini njia hiyo hiyo hupitisha mambo mengine. Hindi (🌽), ambalo kwa mzazi wa Dar es Salaam au Nairobi ni la kuchoma kando ya barabara, mtandaoni hutumika mara nyingi kumaanisha picha za ngono, kwa kuwa majina ya vitu hivyo viwili kwa Kiingereza yanakaribiana kimatamshi. Bilinganya (🍆) na tunda la pichesi (🍑) yamekuwa alama za viungo vya mwili kwa muda mrefu kiasi kwamba mwaka 2015 mtandao wa Instagram ulizuia watu kutafuta picha kwa kutumia emoji ya bilinganya. Mwaka 2019 kampuni ya Facebook, ambayo sasa inaitwa Meta, ilieleza katika kanuni zake kuwa emoji zenye maana ya ngono haziruhusiwi zinapotumika kumshawishi mtu kufanya tendo hilo.

Upande wa dawa za kulevya, mwaka 2021 mamlaka ya Marekani ya kupambana na dawa hizo, DEA, ilichapisha mwongozo kwa ajili ya wazazi na walimu. Katika mwongozo huo, plagi ya umeme (🔌) ni muuzaji, chembe ya theluji (❄️) ni kokeini, jani lililo kama lile la bendera ya Kanada (🍁) ni dawa za kulevya kwa ujumla, na bomu au roketi ni dai kwamba mzigo una nguvu. Mwongozo huo ulitolewa wakati nchi hiyo ikipoteza maelfu ya watu kutokana na vidonge bandia vyenye fentanili, ambavyo vingine huuzwa kupitia mitandao ya kijamii.

Jambo la kuzingatia ni kwamba DEA yenyewe ilitahadharisha kuwa emoji peke yake haithibitishi kosa. Theluji huweza kuwa baridi ya Njombe, na plagi huweza kuwa ni kuomba chaji. Kinachobadilisha maana ni mambo yanayoambatana nazo: bei, mahali pa kukutana, mtumaji asiyefahamika, mabadiliko ya tabia na fedha zisizo na maelezo.

Askari aliyesoma vibaya

Mwezi Machi 2025, tamthilia ya Uingereza iitwayo Adolescence, iliyoonyeshwa na Netflix katika sehemu nne, ililifanya suala hili kuwa mjadala wa dunia. Inamhusu mvulana wa miaka 13 anayetuhumiwa kumuua mwanafunzi mwenzake wa kike.

Katika hadithi hiyo, askari mpelelezi anasoma maoni ambayo msichana aliyeuawa aliyaandika kwenye ukurasa wa Instagram wa mvulana huyo. Anaona emoji, anadhani wawili hao walikuwa marafiki. Ni mwanawe mwenyewe, anayesoma shule hiyo hiyo, anayemweleza kwamba amekosea: yale yalikuwa matusi.

Emoji zilizotumika humo zilikuwa za kawaida mno: maharage, kidonge na namba 100. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki maharage ni mboga, na wanafunzi wa bweni wanaijua vizuri kuliko wangependa. Lakini katika makundi ya mtandaoni ya wanaume wanaodai kunyimwa mapenzi na kuwalaumu wanawake kwa hilo, maharage ni alama ya mtu wa kundi hilo. Kidonge chekundu, wazo lililochukuliwa kutoka filamu ya The Matrix ya mwaka 1999, ni ‘kufumbuliwa macho’. Namba 100 inahusishwa na dai la makundi hayo kwamba asilimia 80 ya wanawake huvutiwa na asilimia 20 tu ya wanaume.

Hadithi hiyo ni ya kubuni, lakini makundi hayo yapo kweli, na funzo lake linawahusu wazazi wa kila mahali. Askari yule hakukosa kuiona emoji. Alikosa kumuuliza anayeielewa.

Zinapofika mahakamani

Wapo wanaodhani kwamba picha hizi ni mzaha usio na uzito wa kisheria. Mahakama zimeshaamua vinginevyo.

Mwaka 2017 mahakama ya madai madogo nchini Israel ilisikiliza shauri la mwenye nyumba aliyepokea kutoka kwa waliotaka kupanga ujumbe wenye emoji za mtu anayecheza dansi, chupa ya mvinyo, nyota yenye mkia na mnyama afananaye na kindi. Alipoona hivyo akaondoa tangazo la nyumba yake, kisha watu hao wakanyamaza. Hakimu aliona kuwa emoji hazikuwa mkataba, lakini zilionyesha shauku iliyomfanya mwenye nyumba awaamini, hivyo wakaamriwa wamlipe shekeli 8,000.

Nchini Kanada, katika jimbo la Saskatchewan, mkulima alitumiwa mwaka 2021 picha ya mkataba wa kuuza mbegu za kitani, akajibu kwa dole gumba. Alisema alikuwa anathibitisha tu kuwa ameupokea. Mwaka 2023 mahakama iliamua kuwa dole gumba hilo lilikuwa sawa na saini, na kwa kuwa mzigo haukupelekwa, akatakiwa kulipa zaidi ya dola 82,000 za nchi hiyo. Mahakama ya rufaa ya jimbo ilikubaliana na uamuzi huo Desemba 2024. Katika kufikia hapo, mahakama iliangalia jinsi pande hizo mbili zilivyokuwa zikikubaliana katika biashara zao za awali. Kwa maneno mengine, hata jaji alilazimika kuuliza nani alikuwa akizungumza na nani.

Kwa Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua ujumbe wa kielektroniki kuwa unaweza kupokelewa kama ushahidi. Kijana anayedhani kuwa tusi au tishio la picha si tusi wala tishio anajidanganya.

Picha moja, macho tofauti

Aidha, anayetuma na anayepokea hawaoni picha ile ile sikuzote, kwa kuwa kila kampuni huchora emoji kwa mtindo wake. Mwaka 2016 Apple ilibadilisha bastola (🔫) katika simu zake ikawa mwanasesere wa kurusha maji, wakati kampuni nyingine zikiwa bado na bastola halisi. Kwa muda wa takriban miaka miwili, mtoto mmoja aliweza kumtania mwenzake kwa maji, na mwenzake akapokea silaha.

Hata pale picha inapokuwa ile ile, watu hutofautiana. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa watu walipopewa picha moja ya emoji, kwa asilimia 25 ya nyakati hawakukubaliana kama inaonyesha jambo zuri, baya au la kawaida.

Mzazi afanye nini?

Hatua ya kwanza ni kuuliza badala ya kushutumu. Swali kama ‘hili lina maana gani kwenu?’ humweka kijana katika nafasi ya mwalimu, na wengi huifurahia nafasi hiyo. Anayeanza kwa ukali hupata jibu moja tu: simu itawekewa namba mpya ya siri, na maana zitabadilishwa ndani ya wiki.

Hatua ya pili ni kumtazama mtumaji kabla ya kuitazama picha. Bilinganya katika mazungumzo ya wanafunzi wa darasa moja huweza kuwa utani usio na adabu, unaohitaji kukemewa na kuishia hapo. Bilinganya hiyo hiyo ikitoka kwa mtu mzima ambaye mtoto hajawahi kukutana naye, anayemtaka wahamie kwenye programu nyingine, anayemwomba picha na kumsihi asimwambie mtu, ni jambo la hatari.

Hatua ya tatu inahusu ushahidi. Panapokuwa na dalili za hatari, ujumbe usifutwe kwa hasira. Upigwe picha ya skrini pamoja na jina la akaunti, tarehe na saa, kisha suala lipelekwe panapohusika. Nchini Tanzania, Jeshi la Polisi lina Dawati la Jinsia na Watoto, na namba 116 hupokea simu kuhusu usalama wa watoto bila malipo. Namba hiyo hiyo hutumika kwa kazi hiyo nchini Kenya.

La mwisho ni kukubali kwamba orodha yoyote, ikiwamo iliyomo katika makala haya, itapitwa na wakati. Vijana huiacha alama pindi wanapoona wakubwa wameigundua, kama walivyoiacha ile ya uso unaocheka kwa machozi. Kitakachobaki ni mazoea ya kuzungumza na mtoto, ili siku atakapotumiwa picha inayomtisha, awe na mtu wa kumwonyesha.

Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Kwa mzazi wa leo, njia ya kuambiwa ipo, nayo ni kukaa na mwanawe na kumuuliza.